Kwa wajumbe wapya wa kamati za shule: ada imefutwa, lakini mtoto bado yuko mlangoni

Wanangu,

Nimesikia mmechaguliwa. Wengi wenu niliwafundisha kusoma na kuandika, kwa hiyo pokeeni marahaba yangu hata kabla hamjaniamkia. Wale wachache walionizidi umri, shikamooni. Hongera sitawapa bado. Kazi hii haina posho ya maana, ina vikao virefu kwenye madawati yaliyochongwa kwa ajili ya watoto, na lawama zake hazina likizo. Lakini kati ya Wizara kule Dodoma na mtoto wa darasa la tatu anayefika shuleni na njaa, hakuna chombo cha kisheria kilicho karibu naye kuliko kamati yenu. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 imewatambua, kwa hiyo hamko pale kwa hisani ya mwalimu mkuu.

Wengi wenu ni vijana, na mnaona kama elimu bila malipo imekuwepo siku zote. Haikuwa hivyo. Tulilitangaza Azimio la Musoma mwaka 1974 na kufikia 1977 tukaanza kuandikisha watoto wote kwa UPE, yaani elimu ya msingi kwa wote. Ikaja miaka ya themanini na tisini, Serikali ikaishiwa, wazazi wakatakiwa kuchangia gharama, na madarasa yakapungua watoto. Mwaka 2001 ada ya shule ya msingi ikafutwa, MMEM, yaani Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ikaanza 2002, na watoto wakafurika kiasi kwamba tulifundisha wengine chini ya mikorosho. Mwaka 2004 ukaja mpango wa sekondari uliotuletea shule za kata. Kisha Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015 ukafuta ada mpaka kidato cha nne kuanzia Januari 2016, na mwaka 2022 Serikali ikaongeza kidato cha tano na cha sita. Kila mlango ulipofunguliwa watoto walikuja mbio. Wale waliokuwa wakituambia kuwa watu wa Kusini hawapendi shule walipaswa kuona foleni za uandikishaji za miaka ile.

Sasa ninalotaka kuwaambia. Sheria na mipango hii yote humpa kila mtoto kiasi kilekile, na watoto hawaanzii mahali pamoja. Ruzuku ya uendeshaji ni shilingi 10,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa msingi na 25,000 kwa wa sekondari, na sehemu yake hubaki juu Serikalini kununulia vitabu. Mtoto wa shule ya mjini, ambaye baba yake anaweza kulipa tuisheni na kununua kitabu cha ziada, anahesabiwa shilingi zilezile na mtoto wa kijiji ambacho mwalimu wa hisabati akipangiwa leo, kesho yuko kwa afisa elimu anaomba uhamisho. Sisemi fedha hiyo ni mbaya. Kabla yake nilikuwa nanunua chaki kwa kukopa dukani. Ila fomula iliyoandikwa Dodoma haiwezi kumjua mtoto mmoja mmoja. Ninyi mnamjua, na mnajua hata mama yake analima shamba la nani.

Utafuteni Waraka Namba 3 wa 2016, ule uliofafanua majukumu, muusome kwa utulivu. Serikali imejitwisha mengi. Lakini angalieni alichoachiwa mzazi: sare, madaftari na kalamu, chakula kwa mtoto wa kutwa, matibabu, nauli. Kwa mwenye mshahara hayo ni mabaki. Kwa mjane mwenye watoto wanne hiyo ndiyo gharama yenyewe ya shule. Ada ya shilingi 20,000 ya sekondari ya kutwa tuliyoifuta kwa mbwembwe ilikuwa ndogo kuliko sare, viatu na begi vya mtoto mmoja anayeingia kidato cha kwanza. Ndiyo maana Januari mtasikia mtoto amefaulu na hajaripoti. Maelekezo ya Serikali yako wazi kwamba apokelewe hata kama hana sare. Hakikisheni yule anayekaa getini ameyasikia, maana maelekezo mengi hufia getini.

Kuhusu michango nitasema kwa ukali kidogo. Januari 2018 Rais Magufuli aliipiga marufuku, baadaye ikaelekezwa kwamba mwenye kutoa kwa hiari atoe, na walimu wasiwe wakusanyaji. Tangu hapo imerudi kwa majina mapya: mlinzi, rimu, mtihani wa majaribio, maji. Mengine ni mahitaji ya kweli, sikatai, na shule bila mlinzi hupoteza mabati. Basi yajadilini kwenye mkutano wa wazazi, mwandike muhtasari, mpate kibali cha halmashauri kama taratibu zinavyotaka. Lakini mtoto asirudishwe nyumbani kwa sababu hiyo, jina lake lisisomwe mstarini, na asipewe kazi ya kuchota maji wakati wenzake wako darasani eti analipia kwa jasho. Hiari inayoambatana na aibu si hiari.

Chakula kinahitaji akili zenu zaidi kuliko jambo lingine lolote. Tangu 2021 upo mwongozo wa kitaifa wa chakula na lishe shuleni, na unawapa wazazi na kamati nafasi kubwa. Tatizo letu la huku ni kalenda. Shule hufunguliwa Januari, wakati mvua inanyesha, ghala halina kitu na mahindi mabichi hayajafika. Pesa ya korosho iliingia Oktoba na Novemba, na kwa wengi imeshakwenda kwenye madeni ya salfa, ile dawa ya mikorosho, kwenye bati na kwenye sherehe za unyago. Halafu kamati inaitisha mkutano wiki ya pili ya Januari na kudai debe la mahindi! Mnamdai mtu katika mwezi ambao yeye mwenyewe anakula mihogo mara moja kwa siku. Daini wakati wa mavuno, Juni na Julai, na mbaazi zikifuata chukueni mbaazi. Zungumzeni na chama chenu cha msingi, ule ushirika unaouza korosho zenu, mapema, minada haijaanza, kuona kama wanachama watakubali katika mkutano wao mkuu kukatwa kiasi kidogo kwa kila kilo kwa ajili ya uji wa shule. Hapo mwenye ekari ishirini atatoa zaidi ya mwenye mikorosho sita bila mtu kumuuliza mwenzake hali yake. Huo ndio usawa ambao waraka hauwezi kuwaandikia.

Na uji ukishachemka, wanywe wote. Nimeona shule ambako watoto wa wazazi wasiochanga hupelekwa kucheza upande wa pili wa uwanja wakati wenzao wamejipanga na vikombe. Hakuna sheria iliyowatuma watu wazima kufanya hivyo.

Kuna jambo jingine ambalo hamtaliona likiandikwa kwenye ajenda yoyote, nalo ni karatasi. TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, kupitia Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, hulipa ruzuku yenye masharti: mtoto ahudhurie angalau asilimia 80 ya siku za masomo. Sharti zuri. Lakini mahudhurio hayo yanatoka kwenye rejista ya mwalimu, na mwalimu mwenye watoto tisini na mikondo miwili hujaza rejista mwisho wa juma kwa kukumbuka. Akikosea, mama anakatwa fedha na hajui kwa nini. Kagueni rejista kila mwezi, hasa za watoto wa kaya zilizo kwenye mpango, na fanyeni hivyo kimyakimya.

Karatasi hiyohiyo inakwenda mbali kuliko mnavyofikiri. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa Sheria Namba 9 ya mwaka 2004 ili mtoto wa maskini asiishie kidato cha sita. Bodi inapopanga nani apewe kwanza, huangalia yatima, wenye ulemavu na wanaotoka kaya zinazohudumiwa na TASAF. Lakini haikai kijijini. Inaona nyaraka tu. Inataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa Serikali wa usajili wa vizazi na vifo, na yatima alete cheti cha kifo cha mzazi. Sasa fikirieni mtoto ambaye baba yake alifia shambani, akazikwa alasiri ileile, na hakuna aliyekwenda kusajili kifo. Kijiji kizima kinajua ni yatima. Mbele ya mfumo, ana baba. Miaka kumi na miwili baadaye anakimbizana na mtendaji wa kata wiki moja kabla dirisha la maombi halijafungwa, huku mwenzake wa mjini alishapakia kila kitu. Kazi hiyo inaweza kufanywa akiwa darasa la nne, kwa kumwalika ofisa wa usajili siku moja ya mkutano wa wazazi.

Ufadhili unaotolewa kwa alama za juu za sayansi, kama ule wenye jina la Rais Samia ulioanza 2022, ni jambo la heshima na nawaombea watoto wetu waupate. Ila alama za juu za fizikia hupatikana penye maabara na mwalimu wa fizikia. Msije mkawaambia wazazi kwamba fursa ipo wazi kwa wote, kisha mkarudi nyumbani kulala.

Kwa mabinti, fupi tu. Kanuni za mwaka 2002 zilitumika kuwafukuza waliopata mimba. Waraka Namba 2 wa 2021 umewafungulia mlango warudi. Wapo wajumbe ambao bado hawataki kuusikia. Mwenye maoni yake abaki nayo nyumbani; kwenye kamati anatekeleza waraka. Binti wa mwenye uwezo hata zamani alihamishiwa shule binafsi mkoa mwingine na maisha yakaendelea. Aliyekuwa akibaki jikoni ni yule asiye na nauli.

Kikao chenu cha kwanza mwalimu mkuu atawasomea mapato na matumizi, nanyi mtataka kubishana kuhusu choo. Bishaneni, choo ni muhimu, na hesabu zibandikwe kwenye ubao wa matangazo mahali ambapo mzazi anaweza kuzisoma bila kuomba ruhusa. Lakini kabla ya hapo mwombeni orodha tatu: watoto wasio na cheti cha kuzaliwa, watoto wa kaya za TASAF, na waliofaulu mwaka jana ambao hawajaripoti sekondari. Orodha zikae kwa watu wawili mnaowaamini, zisibandikwe popote. Kisha gawaneni majina kwa vitongoji, na kila mmoja wenu aende kwa miguu yake.

Mimi niko nyumbani, mchana huwa barazani. Anayetaka nakala ya nyaraka nilizozitaja aje, ninazo kwenye faili, ila aje na pesa ya fotokopi.

Mwalimu wenu mstaafu