Ukinitaja, nitaje

Tanga, Jumapili usiku

Mwanangu mpenzi,

Zamani tulipoandikiana barua tulikuwa na maneno yetu ya kuanzia: mimi huku ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Tuliyaandika kwa mazoea tu, kama mtu anavyopiga hodi. Leo nimeyaandika nikarudi kuyasoma, nikaona hayana cha kupunguza.

Ijumaa uliniuliza swali moja: "Mama, Alhamisi naenda kwa mshauri nasaha, huko wanafanyaje?" Nikakwambia utaulizwa maswali kidogo, kisha nikahamia habari za kuku wa jirani. Nisamehe. Shangazi yako alikuwa amekaa pale sebuleni, masikio yote kwangu. Sasa amelala, nakujibu.

Mimi nimewahi kukaa kwenye kiti hicho. Alipozaliwa mdogo wako, wewe una miaka sita, niliumwa ugonjwa ambao nyumbani uliitwa kila jina isipokuwa jina lake, sonona. Bibi yako alisema nimepatwa na kitu, nilitoka uani usiku kichwa wazi. Nikafukizwa, nikasomewa, nikafungwa hirizi. Mtoto analia ubavuni mwangu, namsikia kama analia nyumba ya pili. Nilikaa hivyo miezi minne. Aliyenitoa ni sheikh wetu pale msikitini. Siku ya tatu ya kunisomea alimvuta baba yako pembeni akamwambia: dua nitaendelea nayo, lakini huyu mpelekeni hospitali. Kwa hiyo asitokee mtu akakuchagulisha kati ya swala na mshauri. Vyote viwili vina saa zake.

Alhamisi ukifika utapewa fomu: jina, umri, dawa unazotumia, nani apigiwe simu likitokea la kutokea. Huenda ukapewa na karatasi nyingine yenye maswali tisa. Katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi umekosa hamu ya mambo, umekosa usingizi au umelala kupita kiasi, umejiona hufai? Majibu yanaanzia "hata siku moja" mpaka "karibu kila siku", kila jibu lina alama 0 hadi 3, na jumla kubwa kabisa ni 27. Nakujua wewe na alama zako, utataka kufaulu. Huo si mtihani, hauna kufaulu. Mimi niliulizwa kwa mdomo, nikajibu "hapana" mwanzo mpaka mwisho, kwa sababu bibi yako alikuwa amekaa pembeni yangu na pochi yake mapajani. Rafiki yako akikusindikiza, akusubiri nje.

Swali la tisa linauliza kama umewaza ni afadhali ufe, au ujidhuru. Kama umewaza, andika. Hawakuulizi wewe peke yako, wanamuuliza kila mtu, na ni kwa jibu hilo wanajua waanzie wapi. Na kama mawazo hayo yatakujia leo au kesho, usiingoje Alhamisi. Mwamshe mwenzako wa chumba mwende hospitali, nami unipigie saa yoyote. Simu yangu siizimi.

Mshauri atakueleza pia habari ya siri. Hapo fungua masikio. Utakayosema hayatoki mle ndani, ila kuna mambo machache yanayomlazimu kuyatoa: akiona uko hatarini kujiua, au unataka kumdhuru mtu, au kuna mtoto anayeumizwa, au mahakama imeagiza. Kama hakukueleza, muulize. Muulize pia kama faili lako linaonwa na walimu wako. Ni haki yako kujua kabla hujafungua mdomo.

Sasa nikwambie kitu kilichonichanganya mimi. Tumeipa kazi hii jina la "ushauri nasaha", na jina lenyewe linadanganya. Ushauri ni ushauri, nasaha nayo ni ushauri. Ukisikia jina hilo unategemea kukaa mbele ya mtu mzima akwambie fanya hivi, acha hivi, kama kungwi na mwari wake. Kumbe mshauri mzuri haongei sana. Anauliza, halafu ananyamaza. Ule ukimya wake wa kwanza nilidhani nimemuudhi. Nikaanza kuujaza na maneno, na katika kuujaza ndipo yakatoka niliyokuwa sijawahi kuyasema.

Nasema mshauri mzuri kwa sababu wa kwanza wangu hakuwa mzuri. Aliniambia wenzangu wanatafuta watoto kwa machozi na mimi nimepewa nalia. Huku anasema hivyo, kidole kinachezea simu. Nilirudi nyumbani na uchungu niliokwenda nao na juu yake aibu. Miezi miwili sikutaka kusikia habari hiyo tena. Wa pili alikuwa muuguzi wa makamo, mwanamke mwenye miwani ya kamba, na neno lake la kwanza lilikuwa: "Jana usiku ulilala saa ngapi?" Hakuna aliyekuwa ameniuliza hivyo. Kwa hiyo ukikaa mara mbili au tatu na mtu ukaona hamwendi, omba mwingine. Si utovu wa adabu. Hata fundi wa nguo unambadilisha.

Siku ya kwanza usiingoje nafuu. Siku ya kwanza ni ya kufahamiana: umelelewa wapi, na nani, tatizo limeanza lini, unakula, unalala, unakunywa nini. Saa moja itakuwa imekwisha, pengine hata dakika 45, nawe utatoka ukijiuliza ndiyo hii tu? Wengine hutoka wamechoka kama waliotwanga. Usipange kipindi wala kazi ya kikundi baada ya hapo. Nenda kale, kisha ulale. Baadaye anaweza kukupa kazi za nyumbani, kwa mfano uandike kwenye daftari kilichokushtua moyo, uliwaza nini muda ule, ulifanya nini baada yake. Ukiona ni za kitoto, zifanye hivyo hivyo. Ni mara ngapi utakwenda, sijui nikwambie nini. Kuna wa mara sita, kuna wa mara ishirini.

Akiona inafaa, atakupeleka kwa daktari wa magonjwa ya akili, maana mshauri haandiki dawa. Usishtuke. Mimi nilimeza vidonge karibu mwaka mzima. Wiki mbili za kwanza nilihisi kinywa kikavu tu, nikataka kuvitupa chooni. Nafuu ya dawa hizo huchukua wiki mbili hadi nne kuanza kuonekana, wakati mwingine zaidi, na ukipata nafuu huziachi ghafla, unapunguza kwa maelekezo ya daktari.

Halafu kuna lile neno. Ulipopata chuo Dodoma, mjomba wako alisema mezani, "Angalia tu usije ukaishia Mirembe," tukacheka wote. Mimi nilicheka kuliko wote, ili mtu asije akakumbuka. Mirembe ni hospitali ya magonjwa ya akili, hapo hapo Dodoma. Ipo tangu 1927, ina madaktari na wauguzi, watu wanaingia na watu wanatoka. Sisi tumeifanya tusi. Najua ndiyo maana umesubiri mpaka ukakosa mtihani ndipo ukasema, na katika hilo kicheko changu kina sehemu yake.

Binamu yangu wa Unguja aliwahi kunisimulia habari za mabibi wa Zimbabwe. Tangu 2006, daktari mmoja wa Harare, Dixon Chibanda, aliwafunza mabibi wa mitaani kukaa na watu kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza. Kazi ile imeenea mpaka ikafika Zanzibar. Kilichonipendeza ni neno lao. Kwa Kishona ugonjwa huu wanauita kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi. Nikasema, mbona na sisi tunalo? Tunasema fulani "ana mawazo". Tunalisema kila siku na hatumwambii aende popote.

Nimezunguka sana. Nilichokaa kuandika ni hiki.

Huyo mshauri atakuuliza kuhusu nyumbani. Utafika mahali utasita, utamwambia "mama yangu ni mtu mzuri sana", na utaishia hapo. Nimekulea kwa "siri ya mtungi aijuaye kata", ya ndani hayatoki nje, na wewe ni mtoto msikivu. Basi Alhamisi ukinitaja, nitaje. Nitaje kama nilivyokuwa.

Mtajie siku ile ya masika. Ulikuwa umetoka madrasa, juzuu umeitia kwenye mfuko wa rambo ukaikumbatia kifuani isilowe. Ulibisha. Mlango ulikuwa na komeo kwa ndani. Ulibisha ukaniita, ukabisha ukaniita, mpaka mama wa vitumbua akaja kukuchukua, akakuvisha kanga yake kavu. Tulikwambia mama alikuwa amelala. Sikuwa nimelala. Nilikuwa sakafuni, hatua tano kutoka mlangoni, na kila hodi niliisikia. Mwili haukunyanyuka. Sikukuchukia, wala hukuwa umefanya kosa lolote. Ulikuwa na miaka sita na umekuja nyumbani kwenu.

Muuguzi wa miwani nilimweleza hodi zile, zikapungua. Wewe sijawahi kukueleza. Nilijua unazikumbuka, kwa sababu mpaka leo ukifika nyumbani hubishi, unapiga simu kwanza kutoka barabarani uhakikishe mlango uko wazi. Kila likizo naiona simu hiyo inaita, nami natoka nje nakungoja barazani, tunajifanya ni kawaida.

Kama kuna mengine ya kunihusu ambayo mimi nimeyasahau na wewe hujayasahau, yaseme pia. Kama una hasira na mimi, iseme. Baba yako nimemweleza kwamba nakuandikia haya. Alikaa kimya, halafu akaenda kukaza ile bawaba ya mlango wa mbele, saa tatu ya usiku.

Alhamisi jioni ukinipigia, sitakuuliza ulisema nini. Nitakuuliza umekula nini. Ukitaka kusimulia, simulia. Usipotaka, tutaongea habari za kuku.

Mzigo wako umeondoka na basi la leo asubuhi, uufuate stendi kesho. Mkate wa kumimina hauvumilii safari ndefu, nimekuwekea visheti kwenye ndoo ndogo nyeupe. Mgawie na mwenzako wa chumba, ila ndoo urudi nayo likizo, ni ya shangazi yako na hajui.

Mimi mama yako