Barua ya wazi kwa Waziri wa Uchukuzi wa Ireland: tunaomba basi la saa moja asubuhi

Mheshimiwa Waziri,

Salamu kutoka kaunti ya Leitrim. Nakuandikia kwa Kiswahili, na naomba usishangae. Kiingereza nakitumia zamu nzima, zamu ikiisha nacho kimeniishia. Tena wewe ni mtu wa nchi ambayo vibao vingi vya barabarani vina Kiairishi juu na Kiingereza chini, hata mahali ambapo wasemaji wa Kiairishi ni wa kuhesabu kwa vidole. Mkalimani hutamkosa.

Kijiji chetu ni barabara moja tu. Kanisa, shule ya msingi, uwanja wa GAA, yaani chama cha michezo ya jadi ya Ireland, baa mbili (moja hufunguliwa wikendi pekee) na duka. Kwenye kaunta hiyo moja ya duka unapata maziwa, stempu, mtungi wa gesi na vipande vya mboji kavu ambavyo watu wa huku huchoma kama sisi tunavyochoma makaa. Dirishani pamebandikwa matangazo ya ndama wanaouzwa na misa za ukumbusho. Dereva yeyote ukikutana naye njiani huinua kidole kimoja kutoka kwenye usukani. Wiki ya kwanza nilidhani naonywa. Kumbe ndiyo salamu.

Sijaja kulalamikia kijiji. Kimbunga Éowyn kilipotupiga tarehe 24 Januari 2025, umeme ulikatika kwa wateja zaidi ya 700,000 nchini, na huku kwetu giza lilikaa siku nyingi. Nyumba nyingi za mashambani huvuta maji kisimani kwa pampu ya umeme, kwa hiyo bomba nalo lilikauka. Wenzangu waliduwaa. Mimi mtoto wa Machakos, ndoo naijua tangu darasa la kwanza. Nikachota, nikampelekea bibi jirani yangu, akacheka hadi akakohoa kuniona nimejitwika kichwani. Ukumbi wa klabu ya michezo uliwasha jenereta, watu wakaja kuchaji simu, kuoga maji ya moto na kunywa supu. Hapo ndipo nilipojiona mwenyeji.

Shida ni kufika kazini.

Mwaka 2021 serikali yenu ilianza kutoa vibali vya kazi kwa wahudumu wa wazee kutoka nje ya Ulaya, na mimi ni mmoja wao. Nyumba ya wazee ninayofanyia kazi iko mjini, kilomita kumi na nne kutoka hapa. Kupanga nyumba mjini nimejaribu. Hakuna, au ipo kwa bei inayomeza mshahara. Zamu yangu ni saa mbili asubuhi hadi saa mbili usiku. Basi la kwanza linapita hapa saa nne asubuhi, la mwisho hutoka mjini saa kumi na moja jioni. Ratiba hiyo ni nzuri sana kwa mwenye miadi ya daktari au wa kwenda sokoni, na wazee wenye kadi ya kusafiri bure wanaifurahia. Mtu wa kuwaogesha wazee hao asubuhi hakukumbukwa.

Utaniambia ninunue gari. Leseni yangu ya Kenya haibadilishwi hapa. Nimeendesha miaka tisa kwenye Thika Road, upande uleule wa kushoto mnaoendeshea ninyi, matatu zikinipita kotekote; huku mimi ni mwanafunzi. Nifanye mtihani wa nadharia, nilipie masomo, nisubiri zamu yangu ya mtihani wa barabarani, na mpaka nifaulu nisiendeshe bila mtu mwenye leseni ya zaidi ya miaka miwili kando yangu. Huyo wa kuamka saa kumi na mbili alfajiri aje akae kando yangu nitamtoa wapi? Sheria ni sheria, mtihani nitaufanya. Ila kazi ni ya kesho.

Taksi ni euro 25 kwenda na 25 kurudi. Saa tatu za kwanza za zamu namfanyia kazi dereva. Kwa hiyo siku nyingine hutembea hadi njia panda, nikitumaini kidole kimoja kitageuka kuwa mlango uliofunguliwa. Desemba huku jua huchomoza karibu saa tatu. Barabara haina taa wala njia ya miguu, katikati ya lami pameota majani, na ukuta wa mawe umekaribia kiasi kwamba gari likija nabana mgongo kwenye miiba. Navaa kizibao cha manjano kinachong'aa. Mwendo kwenye barabara hizi ulishushwa mwezi Februari 2025 kutoka kilomita 80 hadi 60 kwa saa, na kwa hilo nashukuru kutoka moyoni.

Leitrim ilikuwa na watu zaidi ya 155,000 katika sensa ya 1841, kabla ya njaa kuu. Sensa ya 2022 ilikuta kama 35,000. Ukikatiza mashamba unakuta nyumba za mawe zisizo na paa, mti umeota palipokuwa jikoni. Vituo vya polisi 139 vilifungwa nchini mwaka 2012 na 2013. Mwaka 2018 zikatangazwa kufungwa ofisi za posta 159. Kila kinachofungwa kijijini kinahamia mjini, na barabara ya mjini ndiyo hiyo yenye majani katikati. Najua mpango wa Connecting Ireland umeongeza mabasi ya vijijini. Mnaweza, basi.

Ombi langu ni safari mbili: moja ipite hapa saa moja asubuhi, nyingine itoke mjini saa mbili na nusu usiku. Gari dogo la viti kumi na sita linatosha. Nawajua watatu tayari wa kulipanda, mmoja mpishi wa hotelini na mmoja kijana wa hapa hapa anayesomea ufundi wa umeme.

Karibu uje kujionea. Ila ukija kwa basi la mwisho, nijulishe mapema nikutandikie kitanda.

Wako,
Mhudumu wa wazee, Leitrim