YAH: Malalamiko dhidi ya huduma yenu ya kuhamisha kanzidata ya wafugaji, na kauli ya "waandikeni upya"

Meneja Mkuu,
Makao Makuu,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mhasibu wa chama cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa hapa Tanga, wateja wenu mliowauzia kompyuta mpya na kuahidi kuwahamishia humo kanzidata, yaani hifadhi ya kumbukumbu zote za wafugaji. Mkataba mnao, na kifungu cha kuhamisha data mnakijua kwa kuwa mlikiandika wenyewe. Ankara tuliyolipa ina mstari wake kabisa wa kazi hiyo. Kwa hiyo huko siendi. Naenda moja kwa moja kwenye siku ya malipo.

Siku hiyo wafugaji walikuwa wamejaa barazani tangu asubuhi wakisubiri pesa za maziwa. Ofisa wenu wa huduma kwa wateja aliingia kwenye kompyuta yetu akiwa hukohuko Dar, akaandika amri zake, programu ya chama iliyokuwa imegoma ikafunguka. Ilifunguka safi, haina mwanachama hata mmoja. Orodha tupu, lita sifuri, madeni sifuri. Nikamuuliza, watu wako wapi? Simu nilikuwa nimeiweka spika ili wazee wasikie wenyewe, nao wakasikia jibu: "Mama, si inafanya kazi sasa? Kwani hao wafugaji si wapo hapo? Waandikeni upya." Nyuma yake watu wakacheka. Kabla hajakata simu akanikumbusha kujibu meseji ya kumpa alama za huduma bora.

Alama zake nazitoa kwa barua hii.

Mimi nilisomea uhasibu, sikusomea kompyuta, lakini kusoma najua. Kama kuna mtu mmoja ofisini kwenu angefungua faili la kumbukumbu la seva (programu inayotunza kanzidata, kwetu ni PostgreSQL), badala ya kuniambia nizime niwashe, nizime antivairasi, niangalie intaneti, mngelijua tatizo siku ileile. Kompyuta yetu ya zamani ilikuwa na Windows 7 ya biti 32 na PostgreSQL 9.6 ya biti 32. Mliyotuuzia ni ya biti 64, yaani inashika data kwa mafungu makubwa zaidi, na fundi wenu akaweka PostgreSQL 9.6 ya biti 64. Namba ya toleo ni ileile, akaona yamekwisha. Akanakili folda ya data kama ilivyo, akaibandika kwenye mashine mpya, akawasha huduma. Ikagoma.

Faili la kumbukumbu linasema wazi kwamba mafaili hayaendani na seva: kanzidata ilianzishwa bila USE_FLOAT8_BYVAL, na seva imeundwa ikiwa nayo. Yaani seva ya biti 64 inazishika thamani za baiti nane, zikiwemo tarehe na saa, kwa namna yake, na ya biti 32 kwa namna nyingine. Seva ikiona mafaili si ya aina yake inakataa kuyafungua. Data inakuwa haijafa wala haijaharibika. Iko pale, inasubiri seva ya kuisoma.

Na hili si siri ya mafundi wakubwa. Mwongozo wa PostgreSQL wenyewe, kwenye sura ya nakala rudufu, unataja hasa safari hii ya kutoka seva ya biti 32 kwenda ya biti 64, na unasema njia ya kupita ni amri ya pg_dump. Unaitoa data kwenye mashine ya zamani ingali inafanya kazi, halafu unairudisha kwenye mpya. Kwa kanzidata ndogo kama yetu hiyo ni kazi ya muda mfupi mno. Fundi wenu hakuifanya. Na alipoona huduma imegoma, mashine ya zamani alikwisha kuifomati, akasema ndiyo maelekezo ya kampuni. Ni maelekezo ya kampuni? Nijibuni kwa maandishi.

Sisi wa Tanga tuna msemo wetu, waja leo waondoka leo, tunawatania nao wageni kwa kuwa wengi wakifika hapa hawaondoki. Wenu aliutimiza neno kwa neno. Aliingia na basi la asubuhi, akaondoka na la mchana, huduma ikiwa imezimika, akatuachia maneno kwamba "intaneti ikitulia itakaa sawa." Intaneti! Kanzidata na programu vyote viko ndani ya boksi moja chini ya meza yangu. Hata waya wa intaneti ukikatwa hapa mpaka Chalinze, wafugaji wangu wanatakiwa waonekane kwenye kioo.

Nirudi kwenye siku ya malipo, kwa sababu barua yenu ya majibu imeliita tukio lile "mawasiliano yasiyoridhisha", na mimi sikubali liitwe hivyo.

Ilikuwa hivi. Mezani kwangu palikuwa na mzee mmoja wa Kirare, mwenye ng'ombe wake wawili, kofia ameishika mkononi. Alikuwa anasubiri pesa ampelekee mjukuu wake ada. Maziwa yake anayaleta kwa baiskeli, yanapimwa laktomita, yanaandikwa, na maandishi hayo ndiyo mshahara wake. Ofisa wenu aliposema "waandikeni upya", mzee akainama kuelekea kwenye simu akauliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, na lita zangu nazo niziandike upya kwa kichwa?" Hapo ndipo walipocheka. Hawakunicheka mimi, walimcheka yeye. Swali lake lilikuwa la maana kuliko yote aliyoulizwa ofisa wenu siku hiyo, maana jina na namba ya simu mtu unaweza kumwandika upya, lakini lita za mwezi mzima, deni la pumba na la dawa ya kuogeshea, unaziandika upya kutoka wapi? Ofisa hakujibu. Aliomba alama zake, akakata simu. Mzee akavaa kofia yake, akasema, "Kumbe ndivyo mnavyotuchukulia." Alinitazama mimi aliposema hivyo, Ndugu Meneja. Machoni pake mimi na ninyi tulikuwa kitu kimoja, na hilo sijawasamehe.

Kuna jambo jingine baya zaidi, ambalo nililijua baadaye. Chini ya ujumbe ule wa kosa, seva hutoa dokezo kwamba huenda ikahitajika kuendesha initdb. Ofisa wenu akaikimbilia initdb. Amri hiyo hujenga kanzidata mpya, tupu, ndiyo maana programu ilifunguka safi. Lakini initdb hukataa folda yenye vitu ndani. Ili ikubali, ilimbidi kwanza aisogeze folda yetu pembeni, naye aliisogeza, akaibandika jina jipya la Kiingereza la kuonyesha kwamba ni ya zamani. Kwa hiyo aliiona. Aliishika kwa mkono wake, akaiweka kando, halafu akawaambia wazee wa watu waandikwe upya, ilhali kila kitu chao kilikuwa ndani ya folda ile.

Aliyetuokoa ni kijana mwenye kibanda cha kutengeneza simu Ngamiani. Alisoma ule ujumbe, akauliza mashine ya zamani ilikuwa biti ngapi, basi. Windows ya biti 64 inaendesha programu za biti 32 bila shida, kwa hiyo alisakinisha PostgreSQL 9.6 ya biti 32 kwenye mashine ileile mpya, akaielekeza kwenye folda iliyotelekezwa, huduma ikawaka. Akaitoa data kwa pg_dump, akairudisha kwenye ile ya biti 64. Wafugaji wote wakarudi, lita zao na madeni yao. Hana cheti cha kampuni yenu wala fulana yenye nembo.

Na ninyi mkajibu nini? Mkaandika kwamba dhamana imefutika kwa kuwa "mtu asiyeidhinishwa ameugusa mfumo." Aliyeidhinishwa alituachia sifuri!

Bado hatujamaliza. Programu yenu ya kuchapa stakabadhi za malipo ni ya biti 32, na fundi wenu ameweka draiva ya ODBC (kiunganishi cha programu na kanzidata) ya biti 64 peke yake. Kila nikibonyeza kuchapa, Windows inaniambia usanifu wa draiva haulingani na wa programu. Nilipopiga simu nikaambiwa nifungue odbcad32, programu ya Windows ya kupanga miunganisho hiyo, nitengeneze upya muunganisho. Nikafungua. Ofisa wenu hakujua, au hakutaka kusema, kwamba ziko mbili zenye jina hilohilo: iliyo ndani ya folda ya System32 ni ya biti 64, na ya biti 32 imo ndani ya SysWOW64. Aliyezipa majina hayo ana kesi yake huko Microsoft, lakini anayelipwa kwa kazi hii anatakiwa ayajue. Mpaka draiva ya biti 32 iwekwe na muunganisho utengenezwe upande wake, stakabadhi naandika kwa mkono kwenye kaunta buku, na mfugaji anayetaka kuhakiki inabidi asubiri nipekue kurasa zilizodondokewa maziwa.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuomba mambo mawili tu: draiva hiyo iwekwe bila malipo, na dhamana irudishwe kwa maandishi. Hayo yanabaki. Ila kadiri ninavyoyapanga haya kwenye karatasi naona hayatoshi. Ada yote ya kuhamisha data irudishwe, maana kazi hiyo hamkuifanya. Malipo ya kijana wa Ngamiani yawe juu yenu, risiti yake nimeambatanisha. Na ofisa yule aandike barua ya kuomba radhi, kwa jina lake, itakayosomwa kwenye mkutano wa wanachama mzee wa Kirare akiwepo. Msiniandikie ile ya "tunasikitika kwa usumbufu uliojitokeza." Haukujitokeza wenyewe.

Kuna na suala la eksteno. Fundi wenu alinakili folda yetu kwenye diski yake binafsi. Najua ni yake binafsi kwa kuwa alipoichomeka palifunguka picha za harusi. Baina ya picha hizo sasa yamo majina ya wanachama wetu, namba zao za simu, namba zao za NIDA na madeni yao. Nimeuliza kwa simu na kwa barua pepe kama nakala hiyo imefutwa, hakuna aliyenijibu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika tangu tarehe 1 Mei 2023, na kampuni inayouza mifumo ya kutunza taarifa za watu haiwezi kuniambia haijaisikia. Nataka uthibitisho wa maandishi kwamba nakala hiyo imefutwa, uliotiwa saini na wewe mwenyewe. Saini ya fundi siitaki.

Mna siku 14 tangu mtakapoipokea barua hii. Zikipita, lalamiko la huduma nalipeleka Tume ya Ushindani, la taarifa binafsi nalipeleka Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na mkataba naupeleka kwa mwanasheria wa chama, ambaye amekwisha kuusoma na ameanza kupigia mistari. Bodi pia imeniruhusu kuvipa nakala ya barua hii vyama jirani vya Muheza na Korogwe vinavyofikiria kununua mfumo wenu. Watu wenu wa mauzo wamekuwa wakipita huko wakitutaja sisi kama mfano wa mteja aliyeridhika. Kuanzia leo hatuwapi ruhusa hiyo. Mtakaponijibu, msinitumie namba nyingine ya tiketi ya malalamiko, ninazo za kutosha.

Barua kama hii kwa kawaida hufungwa kwa kutanguliza shukrani. Nitashukuru nikishaona stakabadhi inatoka kwenye printa.

Mhasibu,
kwa niaba ya Bodi ya chama,
Tanga.

Nakala: Mwenyekiti wa Bodi, Mwanasheria wa chama.
Viambatanisho: ankara yenu, barua yenu ya kufuta dhamana, faili la kumbukumbu la seva lililochapwa (mstari husika nimeupigia wino mwekundu), risiti ya fundi wa Ngamiani.