Wagonjwa Jumamosi, someni mpaka mwisho tafadhali

Tumsifu Yesu Kristu wapendwa. Jumamosi baada ya misa ya asubuhi tunaenda kwa wagonjwa wetu sita, ila jamani tunatoka wawili wawili kama utaratibu wa chama cha Vincent wa Paulo, hiki cha Wakatoliki cha kusaidia maskini na wagonjwa, ulivyo, sio ile ya juzi tumemvamia bibi watu tisa, chumbani viti viwili tu, akawa anahangaika kutuomba radhi badala ya kupumzika. Simu weka sailensi na picha hatupigi, mtu yuko kitandani hajachana hata nywele wewe unamrusha kwenye grupu, hapana kwa kweli.

Vijana mnaosema hii kazi ya wazee, Ozanam na wenzake walianzisha hiki chama Paris 1833 wakiwa wanafunzi wa chuo, haya.

Mgonjwa anayetaka Komunyo jina limfikie katekista kabla ya Alhamisi jioni ili mhudumu wa Ekaristi ajipange, msiniambie mlangoni. Wanakwaya najua mna mazoezi, mtatukuta njiani. Nani na nani wanaenda kwa yule mzee asiyesikia vizuri? Nahitaji wenye sauti 😄