Tone la damu kwa majeruhi wa bodaboda

Mhariri,

Mwezi uliopita mpwa wangu aligongwa na lori karibu na Muheza akiwa kwenye bodaboda. Hospitalini (sitaitaja) walimpima presha, wakaiona nzuri, akaambiwa asubiri kwenye benchi. Kumbe damu inavuja tumboni! Aliponea chupuchupu.

Kijana mwenye nguvu, mishipa yake hujibana na presha ikabaki juu hadi dakika za mwisho. Damu ndiyo huwahi kusema. Damu ikipungua, mwili hukosa oksijeni ya kutosha na hutoa kwa wingi lakteti, kemikali inayopimika kwenye damu. Kwa kawaida haizidi milimoli 2 kwa lita, na ikifika 4 hatari ya kifo imeshapanda. Ikipimwa tena baada ya saa chache nayo haijashuka, daktari ajue kuna jambo. Si ramli, maana hata mbio kali huipandisha, na mkono wa daktari tumboni bado unahitajika. Ila vipo vijimashine vya mkononi vinavyotaka tone tu na kujibu baada ya muda mfupi.

Barabara ya Segera hadi Tanga tunaijua. Je, vituo vya afya vya njiani haviwezi kupewa hata kijimashine kimoja kimoja?

Msomaji wako,
Ngamiani, Tanga