Leo sina malalamiko, nina bamia

Ndugu Mhariri, salaam. Najua ukurasa huu tunaleta vilio, mara barabara mbovu mara maji hayatoki, sasa mi leo nimekuja kuwaringia tu, mniruhusu.

Nakaa Kimara hapa Dar, nyumba ya kupanga, uani panatosha kupaki bajaji mbili basi. Masika ilipoanza nikatoboa ndoo za rangi walizoacha mafundi, nikaongeza na viroba vya mchele, nikajaza udongo na samadi ya kuku nikamwaga mbegu. Mchicha ulichipua ukaungua wote, ukalala njano, kumbe samadi nliitoa bandani mbichi, bibi wa nyumba ya pili akanicheka weee, mwanangu hiyo bado ya moto, iache ipoe hata mwezi. Nikaanza upya.

Jamani njooni muone asaivi! Mchicha wiki ya nne tu nikawa nachuma. Matembele nilichomeka vipande vya marando nilivyopewa bure, yameshuka kwenye kiroba yanatambaa kuelekea mlango wa choo, yani ukiyachuma ndo kama umeyachokoza. Lakini bamia, Mhariri, bamia! Ua lake la manjano mpauko katikati damu ya mzee, linafunguka asubuhi na siku hiyo hiyo limeshasinyaa, sasa usipotoka mapema umelikosa, nachelewa daladala kwa ajili hiyo na mume wangu anasema nimepata mchepuko. Nyanya sitaki hata kuzizungumzia, kantangaze, kale kadudu kanakomaliza nyanya, kaingia nikang'oa zote.

Ila na ombi ninalo. Kilimo mnakiandika sana Nane Nane ikikaribia, picha za matrekta na ng'ombe wakubwa, sisi wa ndoo hatumo kabisa, tupeni hata kakona kadogo kila wiki mtu aulize vidukari anavitoaje.

Mbegu za bamia ninazo za kugawa. Mwanangu wa miaka sita anazihesabu bamia kila asubuhi kabla ya viatu vya shule, moja alitukataza kabisa tusiichume eti yake, ikakomaa ikawa ngumu kama kijiti, juzi imepasuka yenyewe na mbegu zimejaa, kaziweka kwenye kopo la kahawa na hataki nilifungue mpaka yeye awepo.

Msomaji wenu, Kimara