Wenye fasti fudi mnauliza uzito wa kuku, habari za dawa hamuulizi

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako maana hili jambo limenikaa rohoni na kila nikiligusa kwenye grupu letu la wafugaji naambiwa nataka kuharibia watu biashara. Mimi ni mama mfugaji wa kuku wa nyama, Kitunda hapa Dar, mwaka wa nane huu, naingiza vifaranga mia nne kila bechi na wateja wangu ni vijana wa chipsi, mama lishe wawili na mgahawa mmoja wa fasti fudi ambao sitautaja jina. Nataka kuongelea dawa, zile antibayotiki anazopita nazo kuku kabla hajafika kwenye sahani yako.

Nianze na mimi mwenyewe mtu asije akasema nanyooshea wenzangu vidole. Miaka minne ya mwanzo kifaranga akishaingia bandani tu, siku ya kwanza mpaka ya tano anakunywa maji ya dawa, haumwi, ana afya zake, ila ndo tulivyofundishwa dukani, unaenda duka la dawa za mifugo unasema nimeingiza vifaranga, unapewa vitamini, glukosi na pakiti ya oksitetra ambayo ni antibayotiki, unalipa unaondoka, hakuna cheti hakuna bwana mifugo. Wiki ya tatu wakianza kukoroma unarudi unapewa ya mafua, na hiyo ya mafua mara nyingi ni enrofloksasini, ndugu wa tumbo moja na sipro unayopewa hospitali ukiwa na UTI. Na dozi sasa? Kijiko kwenye ndoo. Tena kuku anayeumwa hanywi maji, anayekunywa ni yule mzima, kwahiyo mgonjwa anapata kidogo na mzima anapata asichokihitaji. Alexander Fleming, yule aliyegundua penisilini, alishalisema wakati wa Nobel yake mwaka 1945 kwamba ukimpa bakteria dawa kidogo isiyomuua anaizoea. Miaka minne ndo kazi niliyokuwa naifanya na ndoo yangu.

Kilichonishtua zaidi ni mama yangu mzazi. Mwaka jana alishikwa na UTI, akapewa sipro haikusikia, akabadilishiwa haikusikia, mpaka walipootesha mkojo ndo karatasi ikarudi ina herufi R nyingi kuliko S, daktari akanieleza R maana yake mdudu kagoma kwa dawa hiyo, S maana yake dawa bado inamuua. Sisemi kuku wangu ndo waliomfanya hivyo, hakuna wa kulithibitisha na mama mwenyewe kuku wa kisasa hali, anasema hawana ladha (hapo namuunga mkono). Ila kwenye ile karatasi nilikuta majina mawili ninayoyajua vizuri, moja lilikuwa lilelile la kwenye pakiti za stoo yangu na la pili ni sipro, nduguye na ile ya mafua.

Basi nikaanza kusoma na kuulizia, na nilichokiona ni kwamba kule Marekani mambo ya kuku yalisogea kwa kasi pale mnunuzi mkubwa alipoanza kudai. Serikali yao nayo ilikuwa inafanya yake, mwaka 2005 walipiga marufuku enrofloksasini kwenye kuku baada ya kampilobakta, wale wadudu wa kuharisha, kuanza kugomea dawa za kundi hilo kwa binadamu, yaani ile ile ambayo mimi hapa naipata kama njugu. Na toka Januari 2017 hairuhusiwi kule kumpa mnyama antibayotiki zenye umuhimu kwa binadamu ili anenepe haraka. Ila migahawa ndo iliyotikisa soko. Chick-fil-A mwaka 2014 wakasema ndani ya miaka mitano kuku wao hatagusa antibayotiki yoyote, McDonald's wakafuata Machi 2015 wakasema kwa kuku wataacha zile muhimu kwa binadamu, wakajipa miaka miwili na Agosti 2016 wakatangaza wamemaliza, mapema kuliko walivyoahidi. KFC wakaja Aprili 2017, nao wakajiwekea mwisho wa 2018. Na usidhani waliamka asubuhi moja wakajisikia huruma, kulikuwa na watu wa mazingira na watetezi wa walaji wanawapa gredi kila mwaka kama watoto wa shule, A mpaka F, inatoka kwenye magazeti. Mwaka 2018 walipopima migahawa 25 ya baga kwa upande wa nyama ya ng'ombe, 22 ilipata F. Shake Shack na BurgerFi tu ndo zilipata A. Fikiria jina lako kubwa la biashara linasomwa na F mbele ya wateja, lazima ushtuke.

Kuku walikuwa rahisi kwa sababu kule kampuni moja inashika kila kitu, yai, kifaranga, chakula mpaka machinjio, na kuku anaishi wiki chache tu, kwahiyo bosi akisema dawa basi ni basi. Ng'ombe anapita mikono mingi, huyu kamzalisha, yule kamchunga, mwingine kamfungia anamnenepesha kwa nafaka, na hizo nafaka zikizidi zinamletea majipu kwenye ini ndo wanamchanganyia tailosini, antibayotiki nyingine, kwenye chakula kila siku. McDonald's walitoa sera ya ng'ombe Desemba 2018 wakasema malengo yatakuwa tayari mwisho wa 2020, na 2020 ikaisha malengo hayajaonekana.

Sasa kuna jingine wengi hawajalisikia, wameanza kurudi nyuma. Tyson, kati ya wauza kuku wakubwa kabisa kule, mwaka 2023 walilegeza lebo yao ya kutotumia antibayotiki kabisa, na Chick-fil-A wakatangaza Machi 2024 kwamba nao wanahamia kwenye ile ya kukataza zenye umuhimu kwa binadamu tu. Mtandaoni watu waliwashambulia sana. Mimi kama mfugaji hapo sikukasirika sana, maana ukisema yoyote marufuku kabisa unakataza hata zile za kuzuia kuhara damu ambazo binadamu hatuzitumii, na unamtia mfugaji kishawishi kibaya, kuku anaumwa kweli na yeye anachelewa kumtibu ili asipoteze lebo. Kuku mgonjwa atibiwe jamani. Ninachokataa ni kumpa mzima, na kumpa bila mtu yeyote kuandika popote.

Nirudi kwetu maana ndo nilikotaka kufika. KFC ipo Dar, ipo Nairobi, ipo Kampala, foleni mwisho wa mwezi unaiona mwenyewe. Ahadi ile ya 2017 ilikuwa ya migahawa yao ya Marekani. Hata za hao wengine nilizozitaja zilihusu kuku wanaouzwa kule. Mlaji wa Ohio kule Marekani kaahidiwa, wa Mikocheni hapa Dar na Westlands ya Nairobi ndo tunauliza bado. Na asije mtu akaniambia kwa Afrika haiwezekani kufuatilia kitu mpaka shambani, Januari 2022 KFC ya Kenya iliishiwa chipsi kwa sababu viazi vilikuwa vinatoka nje na meli zilichelewa, wakulima wa Nyandarua wakapiga kelele kwamba viazi vipo hapa vinaoza, jibu likawa kwamba msambazaji lazima apitishwe kwanza kwenye mfumo wao wa ubora. Sawa, nimekubali, mfumo upo na ni mkali. Kama kiazi kinahojiwa hivyo basi na kuku ahojiwe, na majibu yabandikwe pale kaunta.

Ila nisiwaonee wageni peke yao, sisi wa nyumbani ndo balaa zaidi. Mgahawa ninaouuzia mimi una matawi kadhaa, una magari yenye picha, una vijana wenye sare, na toka nianze nao kijana wao wa manunuzi hajawahi kuniuliza swali la dawa hata siku moja. Anauliza hivi, mama kuku wako kilo ngapi, wamenyonyolewa vizuri, bei ile ile? Basi. Kuna usiku mmoja alinipigia saa nne anataka kuku 60 asubuhi kuna oda ya harusi, na wangu walikuwa siku ya pili ya dawa ya mafua. Kwenye pakiti imeandikwa kabisa usiuze mpaka zipite siku kadhaa, ile wanayoita muda wa kusubiri. Nilimwambia. Akasema mama we lete tu, wanakaangwa. Na mimi ada ya shule ilikuwa inanisubiri nikapeleka. Sijivunii, naandika ili mjue inavyokwenda, maana nikikataa mimi anapiga simu kwa jirani na jirani hatamwambia kitu.

Na hilo la wanakaangwa nalisikia sana. Mafuta ya moto yanaua bakteria kweli, mabaki ya dawa ndani ya nyama ndo hayaishi yote kwa moto. Halafu bakteria sugu hasubiri mafuta, anaanza kwenye mikono yangu mimi ninayenyonyoa, kwenye maji ya kuoshea yanayomwagwa mtaroni, kwenye mbolea tunayouza kwa wakulima wa mchicha, na kwenye kile kisu cha kijana wa chipsi kilichokata kuku mbichi sasa hivi kinakata kachumbari.

Niliacha ile dawa ya siku tano kwa ushauri wa daktari mmoja wa mifugo, bechi ya kwanza nikapoteza kuku 31 nikalia. Baadaye tukagundua tatizo lilikuwa maranda, yalikuwa yanalowa chini ya vinyweshea na mimi nilizoea kuficha uchafu huo kwa dawa. Sasa nageuza maranda kila siku, nimepunguza idadi bandani, chanjo ya kideri siku ya 7, gumboro siku ya 14, narudia ya kideri siku ya 21, mtu wa nje hana ruhusa kuingia na ndala zake. Bechi mbili zilizopita nimepoteza chini ya 15 kila moja. Lakini gharama imepanda, nafuga wachache, natoa hela ya daktari, na kijana wa manunuzi bei ni ile ile kama ya yule anayemwaga kijiko kwenye ndoo. Nilimwambia kuku wangu hawana dawa akacheka, akasema hiyo mama haipo kwenye fomu.

Fomu. Hapo ndo pa kushika. Serikali ina mpango wake wa kupambana na huu usugu wa vimelea dhidi ya dawa toka 2017, wenyewe wanaita UVIDA, mabango nimeyaona zahanati yanatuambia tumalize dozi, nakubaliana nayo, lakini duka la dawa za mifugo ninalonunulia sijaliona hata moja na pakiti bado inauzwa bila cheti. Ulaya walishapita huko, toka Januari 2022 sheria yao inakataza kuwapa wanyama kundi zima antibayotiki kama desturi ya kujikinga tu. Sisi tukisubiri mkaguzi aje Kitunda banda kwa banda tutasubiri sana, mabanda hayahesabiki. Wanunuzi wakubwa wa kuku hapa mjini ni wachache, unawajaza kwenye daladala moja na siti zinabaki. Hao wakiongeza mistari miwili kwenye fomu yao ya manunuzi, kuku huyu alipewa dawa gani na lini, na daktari gani aliandika, mtaa mzima tutabadilika ndani ya bechi mbili maana sisi tunafuata hela. Na waongeze shilingi kidogo kwa kilo kwa anayeonyesha daftari, wasituachie msalaba wenyewe wakati kwenye menyu soda imeshapanda mara mbili.

Nanyi wateja msiogope kuuliza pale kaunta, ulizeni hata kama kijana wa keshia hatajua, atamuuliza meneja, meneja atampigia wa manunuzi, na wa manunuzi namba yangu anayo.

Daftari langu nimelitundika kwenye msumari mlangoni mwa banda, bechi ya sasa iko siku ya 23, ukurasa wa dawa hauna kitu mpaka leo zaidi ya vitamini na chanjo. Jumatatu wiki ijayo kijana wa manunuzi anakuja kuchukua kuku mia na hamsini. Nimeamua safari hii nampa daftari kwanza alisome ndo nifungue banda, akikataa nitawauza rejareja sokoni hata kama itanichukua wiki nzima.

Mama mfugaji,
Kitunda, Dar es Salaam